Mafundo ya Bibi wa Kitanda cha Nne

Nilipohamishiwa Mafia kutoka bara kuwa muuguzi, nilikabidhiwa wodi nzima na mikono yangu hii miwili. Kitanda cha nne alilala bibi mmoja, mkulima wa mwani, kiharusi kimempoozesha upande wa kushoto. Agizo lilikuwa moja: ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ngozi ikichubuka na kuwa kidonda, asahau kurudi kwake.

Juu ya kitanda ilitundikwa fomu ya kumgeuza. Fomu hiyo niliihudumia vizuri kuliko bibi. Ikifika saa tisa, zamu niliyoanza saa moja asubuhi inakwisha, nachukua kalamu na kutia alama za vema kwenye visanduku vyote kwa mkupuo, nyingine nazipindisha kidogo ili zisifanane. Nilijiona mjanja kweli.

"Nesi, mbavu!" bibi aliita.

"Nakuja, bibi," nikajibu, huku nikienda kwa mwingine.

Siku moja zamu ikiisha matroni alipita, akaisifu fomu yangu. Vema nne tangu asubuhi! Bibi akakohoa, akatoa chini ya mto kikamba cha kufungia mwani. Kilikuwa na fundo moja.

"Tangu asubuhi, kila nikigeuzwa nafunga," alisema. "Kwa mkono huu na meno."

"Labda bibi amesahau mengine," nikasema kwa upole wa kinafiki.

"Mwanangu, nimefunga mwani tangu mama yako hajaolewa. Ukisahau fundo, mwani unakwenda na maji. Mie sisahau."

Matroni akafunua shuka. Nyongani palikuwa pekundu, pa moto, bado hapajachubuka.

"Njia ya mwongo fupi," akaniambia. Niliona haya, nikatamani kuingia uvunguni.

Tangu hapo nilimgeuza kwa saa, na kila mara alinisimamisha mpaka meno yake yakaze fundo. Wekundu ukafifia, na wiki zilivyopita mguu wake ukapata nguvu. Asubuhi aliyoruhusiwa, nilimsindikiza yeye na mkongojo wake mpaka getini, tukaagana kirefu, nikarudi nikijisikia muuguzi hasa.

Kwenye kitanda cha tano palikuwa na mama aliyelazwa jana yake, naye hawezi kujigeuza. Mkononi alishika kikamba kipya.

"Bibi kaniachia," alisema. "Kaniambia nifunge nikishageuzwa, nisitazame unachoandika."

Nikakitazama. Hakikuwa na fundo hata moja, na saa ya ukutani ilisema saa tano.