Tuzo Iliyotembea hadi kwa Mzee Lekishoni

Sikwenda Kwedizinga kutalii. Mimi ni fundi cherehani wa Manundu, Korogwe, na shangazi yangu Mwajabu alikuwa ameshinda tuzo ya amani ya kimataifa bila kuwa na gauni la kuipokelea. Nililishona mwenyewe, na kumpa kondakta alipeleke nisingethubutu.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Korogwe kwa basi, gauni nimelipakata. Abiria walikuwa wameshasikia habari redioni, na kila mmoja akadai undugu na shangazi. Hadi Handeni ukoo wetu ulikuwa umejaza viti vyote.

Saa nne bodaboda ilinishusha Kwedizinga, mlangoni kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lekishoni haji."

Mzee Lekishoni ni mfugaji wa Kimasai. Wakulima na wafugaji walipogombania lambo, yeye na shangazi ndio waliowapatanisha, kwa sharti moja: mwenye neno aende mwenyewe kwa mwenzake, asitume mtu. Sasa watoa tuzo walipompigia shangazi simu, walimtaka asimwambie yeyote mpaka siku ya kutangaza. Akanyamaza wiki tatu, yeye asiyeweza kuficha hata bei ya kanga. Mzee akaisikia habari redioni kama watu wengine wote, na tangu siku hiyo alikuwa hajakanyaga kwa shangazi.

"Si walimpelekea kadi ya mwaliko?" nikauliza.

"Walimpelekea. Kwa dereva."

"Basi nenda wewe."

"Naona haya, mwanangu. Nitamtazamaje?"

Saa nane mchana tulikuwa uwanja wa shule. Ngoma zikapigwa, mgeni kutoka ng'ambo akasoma sifa za mshindi, mkalimani akazifasiri, shangazi akavishwa medali na kupewa cheti. Gauni lilimkaa vizuri, na hilo silisemi kwa unyenyekevu. Kisha mshereheshaji akamkaribisha atoe hotuba.

"Neno langu ni la mtu asiyekuwepo hapa," shangazi akasema. "Nalipeleka."

Akateremka jukwaani, akakata uwanja, akashika njia ya kwa Lekishoni. Mshereheshaji akapekua ratiba, jambo hilo halikuwemo. Wapiga picha wakamfuata, kisha wageni rasmi na viatu vyao vya kung'aa, nami nyuma ya shangazi nikiliinua pindo lisiguse vumbi.

Tulimkuta mzee bomani akinywesha ndama. Shangazi alikuwa anahema.

"Nilikuficha, na nimekosa. Nimekuja mwenyewe kukwambia. Tumeshinda."

Mzee aliutazama msafara wote taratibu.

"Habari niliisikia, mama Mwajabu," akasema. "Ila nilikuwa sijaambiwa."

Kisha akaagiza chai, akituomba radhi kwamba vikombe ni sita. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni nilirudi Korogwe nikiwa nimejifunza jinsi tuzo kubwa inavyotangazwa na kukabidhiwa, na kwamba hii yetu ilibidi ikabidhiwe mara mbili. Medali iko kwa shangazi. Cheti kimetundikwa kwa Mzee Lekishoni. Wakitaka kuviona pamoja, lazima mmoja wao atembee.