Divai Ndani ya Boti

Nichekeni, ila msinitangaze. Mimi mpagazi wa ghala moja hapa Kariakoo, shule niliiacha kabla haijanikolea. Juzi meneja wetu kaniambia, "Ndugu Lukasi, Jumamosi utabeba vyombo. Nimekodi boti, nawapandisha wageni Mto Mzinga wakaonje vyakula vyetu na divai ya Dodoma."

Divai! Sisi Wakristo wa kusini divai tunaijua ya kanisani tu. Na mimi padri kaninyima komunyo tangu nilipochukua mke bila ndoa. Mke mwenyewe kwa kupika mbaazi, acha tu. Nikawaza, ibada ya kwenye boti inakuwaje? Labda huko mtoni hakuna anayezijua habari zangu, nami nitapokea. Basi nikafunga kula tangu usiku, nikavaa shati jeupe.

Mtoni wageni wakainua bilauri, wakanusa divai, wakafumba macho. Nikasema moyoni, kumbe wenzetu wanasali hivi! Bi Mwanaidi, mke wa meneja, yeye divai hagusi, alikuwa anapitisha sahani ya mkate na pweza. Aliponifikia akasema, "Karibu, onja."

Nikapiga magoti. Nikafumba macho, nikatoa ulimi.

Nikasikia Bi Mwanaidi akiniinamia.

"We Lukasi, jino linakuuma?"

"Hapana, mama. Nasubiri mwili wa Bwana."

"Bwana yupi?" akang'aka. "Bwana wangu yule pale, anatafuna pweza!"