Fundi wa maabara na wasichana wachoma mifupa wa Kitengela

Saa sita mchana wa Jumamosi, Evalyne Mbeke anakibandua kifuniko cha mkebe wa rangi kwa koleo refu la mhunzi, kisha anarudi nyuma. Moshi unaotoka ni mchache. Anausubiri upungue, anachungulia ndani, halafu anamwita msichana aliye karibu naye.

"Kakenya, niambie unaona rangi gani."

"Nyeusi, Madam."

"Vunja moja. Ndani je?"

Kakenya anauweka mfupa juu ya jiwe na kuupiga kwa nyundo. Unapasuka kwa mlio mkavu.

"Hata ndani ni nyeusi."

"Basi toeni," anasema Mbeke. "Lakini msifurahi bado."

Hapa ni pembeni mwa machimbo ya mawe, nje kidogo ya mji wa Kitengela, katika kibanda ambamo mhunzi Kitheka huwanolea wachonga mawe patasi zao. Leo moto wake umekopeshwa wasichana wa shule waliovaa sweta za kijani. Nje ya kibanda, mbwa wa mtaa wameketi wakitazama. Wamelifuata gunia la mifupa tangu buchani, na hakuna aliyewaeleza kwamba mifupa hiyo imekwisha kuwa mali ya sayansi.

Mbeke, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari ya kutwa ya wavulana na wasichana. Ameajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kwa mshahara wa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi. Wengi humwita mwalimu, na yeye huwasahihisha kila mara.

"Mwalimu analipwa kama mwalimu," anasema. "Mimi naosha chupa."

Pamoja na kuosha chupa, Mbeke ndiye aliyeanzisha klabu ya wasichana ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambayo hukutana kila Ijumaa baada ya masomo. Vilabu vya namna hii si haba nchini. Vingi huzinduliwa kwa fulana na picha ya pamoja, na baada ya muhula mmoja hubaki fulana. Klabu hii haijawahi kuwa na fulana.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwenye dirisha dogo la stoo, ambamo Mbeke hugawa vifaa wakati wa majaribio. Kutoka hapo aliona jambo ambalo walimu, waliokuwa wakizunguka katikati ya meza, hawakuwa wameliona. Katika kila kikundi, mvulana alishika kipimajoto, mvulana mwingine akawasha kichomeo, na msichana akaandika.

"Miaka mitatu niliangalia hivyo," anasema. "Wasichana walikuwa makarani. Walikuwa na mwandiko mzuri sana. Lakini mtihani ukifika, kila mtu anafanya jaribio peke yake, na huyo karani hajawahi kushika kitu."

Alimwomba mwalimu mkuu, Bi. Rahab Wahome, saa mbili za Ijumaa. Akapewa. Katika mkutano wa kwanza, wasichana wote walifika wakiwa na kalamu. Mbeke akapita na ndoo, akazikusanya.

"Tulidhani anatuadhibu," anakumbuka Kui Mugo, ambaye sasa yuko kidato cha tatu. "Mimi nilikuwa nimekuja na kalamu ya rangi tatu. Nikamuuliza, sasa Madam, tutafanya nini? Akanipa waya na betri. Akaenda zake."

Kwa muhula mzima waliwasha balbu, wakaunguza nyaya na kuvunja vyombo ambavyo Mbeke alilazimika kuvieleza ofisini. Hapakuwa na mpango wowote wa maana. Mpango uliletwa na Kakenya, binti wa wafugaji wa upande wa Isinya, aliyekuwa na mazoea ya kuzungumza akiwa ameziba mdomo. Meno yake yana madoa ya kahawia, kama ya vijana wengi waliokulia sehemu hizo. Siku moja aliuliza, bila kuinua macho, kama sayansi ina dawa ya kuyang'arisha.

Mbeke aliazima kisanduku cha kupimia maji kutoka kwa fundi wa visima, kile chenye kadi ya rangi ya kulinganishia maji yaliyotiwa dawa. Maji ya kisima kinachotumiwa na akina Kakenya yalionyesha floraidi ya miligramu sita kwa lita. Kiasi kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni moja na nusu.

Kuhusu meno, jibu lilikuwa baya. Floraidi huharibu meno wakati yanapoumbika ndani ya ufizi, katika miaka ya utotoni. Yakishaota, hakuna maji ya kunywa yatakayoyasafisha. Mbeke aliwaambia hivyo bila kupunguza neno.

"Nilijua anaumia," anasema. "Lakini nikimdanganya, klabu ni ya nini?"

Aliwaambia pia kwamba mifupa ya ng'ombe, ikichomwa bila hewa mpaka iwe mkaa, huinasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Mifupa Kitengela haikosekani. Kilichokosekana ni sababu.

"Mimi niliuliza, kama haitusaidii sisi, tunachoma ya nini?" anasema Kui.

Kakenya ndiye aliyejibu. "Nyumbani tuko na mtoto wa miaka miwili," alisema. "Meno yake ya ukubwa bado."



Walichoma mifupa kwenye jiko la mkaa nyuma ya maabara, wakaitwanga kinuni, wakaijaza katika ndoo yenye bomba. Kadi ya rangi ikaonyesha kwamba floraidi imeshuka chini ya kiwango. Mbeke, kwa furaha ambayo hivi leo anaizungumzia kama mtu anayezungumzia ugonjwa alioupona, akaomba klabu ipewe nafasi siku ya wazazi.

Bilauri ziliwekwa kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Ya kwanza alipewa mgeni wa heshima, Mzee Mugo, mwenyekiti wa chama cha wazazi, muuza vifaa vya ujenzi mjini, ambaye pia ni babake Kui. Alikunywa funda moja kubwa. Akalishikilia mdomoni. Akatazama kulia na kushoto akitafuta mahali pa kutema.

"Hii ni maji," aliuliza baada ya kumeza, "ama ni supu ya jana?"

Hema lote lilicheka. Mifupa haikuwa imeiva ndani, na maji yalikuwa yamebeba mafuta na harufu yake. Kadi ya rangi haina pua, na haikuwa imeulizwa jambo hilo. Lakini swali lililomaliza mchezo lilikuwa la pili.

"Nyinyi wenyewe mmeionja?"

Wasichana walimtazama Mbeke. Mbeke akatikisa kichwa.

"Kwetu," alisema Mzee Mugo, safari hii bila mzaha, "mtu akikupa uji, ameuonja kwanza mbele yako."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyaonja. Wasichana walikuwa wakiionea mifupa kinyaa, na Mbeke alikuwa ameitegemea kadi. "Harufu haikuniuma," anasema. "Kilichoniuma ni kwamba tuliwapa watu kitu ambacho sisi wenyewe tulikiogopa."

Mzee Mugo hakuishia hapo. Alitangaza kwamba mkutano ujao wa wazazi utaamua kama klabu ifungwe, na maabara irudishiwe watahiniwa wa kidato cha nne. "Nilimleta msichana shule asome," alisema. "Sikumleta achome mifupa."

Bi. Wahome anaeleza msimamo wake kwa uangalifu wa mtu aliyezoea mikutano. "Sikuifunga klabu," anasema, "wala sikuitetea. Nilimwambia Mbeke ana muhula mmoja."

Muhula huo haukuwa mwepesi. Wanachama ishirini na wawili walibaki tisa. Wavulana walianza kuwaita wapishi.

"Leo iko na dhania?" walikuwa wakiuliza, klabu ikipita na ndoo.

"Wewe leta chapati yako tu," Kui alikuwa akiwajibu.

Mbeke alielewa kwamba jiko la mkaa halina moto wa kutosha, na ndiyo sababu akamwendea Kitheka machimboni. Mhunzi huyo ana moto unaopulizwa na feni iliyofungwa kwenye gurudumu la baiskeli. Hakukubali mara moja.

"Niliogopa," anasema Kitheka. "Wasichana, mifupa, moto. Hapa watu wanaongea. Nilimwambia, Mwalimu, kwanza waje na sweta za shule, watu waone ni masomo."

Walikuja na sweta. Kitheka, kwa moyo mweupe, akazungusha gurudumu kwa nguvu zake zote huku mkebe ukiwa wazi, na mifupa ikatoka myeupe kama chokaa. Yeye akafurahi, akidhani nyeupe ndiyo safi. Kadi ikaonyesha kwamba maji yametoka kama yalivyoingia. Jumamosi mbili zilipotea hivyo. Hatimaye walikiziba kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi, wakapunguza upepo, wakauacha mkebe motoni asubuhi nzima. Mifupa ikatoka myeusi hadi ndani.

Kisha Mbeke akaweka sharti. Hakuna maji yatakayotoka nje ya klabu kabla wanachama hawajayanywa kwa wiki mbili, kila mmoja akionekana na wenzake.

Wiki hizo mbili ndizo zilizokuwa jaribio lenyewe. Wasichana wawili waliondoka siku ya kwanza, wakabaki saba. Kakenya alipeleka chupa nyumbani. "Yeyo alinusa," anasema, akimtaja mamake kwa Kimaa. "Kesho yake akanusa tena. Siku ya tano ndiyo akakunywa, na mtoto bado akamnyima." Kui hakuruhusiwa kuvusha chupa mlangoni kwao. Alikunywa yake shuleni, wakati wa mapumziko, wavulana wakihesabu mafunda kwa sauti.

Mkutano wa wazazi ulipofika, hapakuwa na sinia wala kitambaa. Mbeke aliiweka ndoo mbele ya ukumbi. Wasichana saba wakasimama, wakajaza bilauri zao, wakanywa hadi mwisho, wakabaki wamesimama. Mbeke naye akanywa, akaketi. Ukumbi ukasubiri hotuba. Haikuja.

"Na sisi?" aliuliza Mzee Mugo kutoka kiti cha mwenyekiti.

Kui ndiye aliyemjibu. "Baba, mara ya kwanza tuliwapa kabla hatujakunywa. Saa hii tumekunywa. Lakini hatulazimishi mtu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mzee Mugo akainuka, akaichukua bilauri mkononi mwa binti yake, akaijaza mwenyewe. Alinusa kwa muda uliowatosha watu kukohoa. Akanywa funda, kisha akamaliza.

"Haina kitu," alisema.

"Haina kitu aje, Mzee?" Bi. Wahome aliuliza.

"Haina harufu, haina ladha. Ni maji."

"Si hiyo ndiyo tulikuwa tunatafuta?" Kui alisema.

Safari hii ukumbi ulipocheka, wasichana walicheka pia. Mzee Mugo akaketi, akawataka wanaotaka klabu ifungwe wainue mikono. Iliinuka michache, na wake haukuwamo. Alipoulizwa baadaye kama amebadili mawazo, hakuwa mwepesi wa kukubali. "Mimi nilisema maji ni maji," alijibu. "Hayo mengine wameongeza wenyewe." Hata hivyo, Kui sasa anaivusha chupa mlangoni.

Ni rahisi kuipamba habari kama hii, na Mbeke mwenyewe hataki ipambwe. Klabu imehamishiwa stoo ya zamani yenye dirisha moja, kwa kuwa kidato cha nne bado kinaihitaji maabara. Ndoo moja haiwezi kuutibu mji. Wasichana waliochagua fizikia mwishoni mwa kidato cha pili walipanda kutoka wanne hadi kumi na mmoja, lakini Mbeke anaonya kwamba mwaka huohuo shule ilipata mwalimu mpya wa somo hilo, anayefundisha vizuri.

"Sijui ni wangapi watakuwa wahandisi," anasema. "Pengine hakuna. Lakini sasa nikiangalia kutoka dirisha langu, wanashika vitu."

Mpango wake wa sasa ni shule ya chekechea iliyo ng'ambo ya barabara, ambako meno ya watoto bado yako ndani ya ufizi. Mamake Kakenya amekwisha kukubali ndoo kwa ajili ya mtoto wake mdogo. Ugumu ni kwamba mkaa wa mifupa huchoka baada ya miezi kadhaa na lazima uchomwe mwingine. Lazima awepo mtu wa kukumbuka, mwaka baada ya mwaka, wakati Kui na Kakenya wamemaliza shule. Mbeke hawezi kuahidi kwamba mtu huyo atakuwa yeye. Mkataba wake unakwisha Desemba, na bodi haijasema neno.

"Ningependa nibaki," anasema. "Lakini ninachotaka zaidi ni klabu ambayo hainihitaji."

Ijumaa iliyopita alitumwa Kajiado mjini kuchukua kemikali za mtihani, akarudi saa kumi na moja kasorobo, akihofu kuwakuta wametawanyika. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kakenya alikuwa amesimama mbele ya wanachama wapya wa kidato cha kwanza, akiwaonyesha jinsi ya kupanga matabaka ya mchanga na mkaa ndani ya ndoo. Kui aligeuka.

"Madam, umechelewa. Keti huko nyuma."

Mbeke akaketi. Aliona kwamba tabaka la chini ni jembamba mno, akainua mkono ili aseme.

"Ngoja, Madam," alisema Kakenya. "Kuna mwenye aliinua mbele yako."

Mbeke akaushusha mkono, akasubiri zamu yake.