Mzee Aliyesema Ameshiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na kanga mpya na kiburi cha mtu aliyewahi kumuuguza bibi yake. Nyumba ya kutunzia wazee ilikuwa mtaa wa Rwezamenyo: vyumba vinne, vitanda saba, na ua mdogo wa kuanikia mashuka. Muuguzi Mkuu, mwanamke aliyekulia Uganda, alinipokea mlangoni akanitazama kucha kabla hajanitazama uso.

"Mama Hadija, kata hizo kucha. Ngozi ya wazee iko nyepesi sana."

Nikazikata papo hapo, nimenuna. Baadaye nilimshukuru. Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna vitanda vya umeme. Sisi tulikuwa na mikono. Mzee asiyejiweza tulimgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu huu kisha ule, asije akapata vidonda vya kulalia. Mmoja amepooza, mwingine haoni, mwingine amesahau hata jina la mwanawe, na walezi tuko watatu. Kila tulilofanya liliingia kwenye kitabu cha zamu: amekula nini, amelalaje, ameenda choo au la.

"Mimi naamini kitabu, siamini mdomo," Muuguzi Mkuu alizoea kusema.

Jambo nililojivunia kuliko yote ni meza. Mimi ni mtoto wa Nyamirambo, kwetu chakula ni sinia moja na mikono mingi. Nilipokuta kila mzee analetewa sahani chumbani kwake, nilichukia. Nilimsumbua Mkurugenzi, mwenye nyumba ile, mpaka akanunua meza ndefu. Alipofungua nyumba ya pili kule Nyarutarama, alinihamishia huko niwe msimamizi wa zamu, na meza nikaiagiza kabla ya mapazia.

Huko ndiko tulikoletewa Mzee Gasana, Muzehe kama tulivyomwita. Alikuwa mfugaji wa zamani, mrefu, mwenye fimbo na kofia asiyoivua. Mwanawe aliyekuwa akirudi ng'ambo alimwacha kwetu. Saa ya chakula nilimkalisha katikati ya wenzake, mahali pa heshima. Aliweka mikono mapajani akatazama ukuta.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema kwa upole.

Maziwa aliyanywa mbele ya wote, kikombe kizima, bila kukohoa. Ila sahani hakuigusa, siku hiyo wala zilizofuata. Nami nikaandika kitabuni: anakataa kula. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Siku ya tisa suruali yake ilihitaji kamba, na Muuguzi Mkuu, aliyesimamia nyumba zote mbili, akaja.

"Anakohoa akikunywa?"

"Hapana, Sista, anameza vizuri."

"Sasa shida iko wapi?"

"Anasusa tu. Anataka mtoto wake arudi."

Nililisema hilo kwa uhakika wa mtu anayejua. Hakuna aliyenilazimisha.

"Akisusa hivi atatufia. Tutaweka mpira."

Mpira wa kulishia huingizwa puani ukashuka hadi tumboni, na uji mwepesi hupitishwa humo. Muzehe aliung'oa mara mbili. Mara ya tatu tulimfunga mikono kwa bendeji, na mafundo niliyafunga mimi. Baada ya siku chache uji ulimpanda ukaingia mapafuni. Alipelekwa hospitali, na huko alifariki.

Dada yake alikuja kutoka kijijini kuchukua nguo. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, ameketi kitandani pa marehemu akikunja mashati. Aliniuliza kwa Kinyarwanda, bila hasira:

"Chakula mlikuwa mnampa wapi?"

"Mezani, bibi, na wenzake."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Akaacha kukunja. "Sisi wa zamani tulilelewa kwamba kunywa ni kwa baraza, kula ni kwa ndani. Hata mke wake hakumwona akitafuna. Mngemwachia sahani mkafunga mlango."

"Mbona hakutuambia?"

"Mtu mzima awaambie watoto kwamba ana njaa?"

Muuguzi Mkuu alikulia Uganda, Mkurugenzi alikulia Ulaya, mimi nilikulia kwenye sinia. Ndivyo nilivyojitetea kwa muda mrefu. Lakini nilikuwa na siku tisa za kumuuliza mzee yule, na nikazitumia kuandika. Baada ya hapo kila mgeni aliyeletwa tuliwauliza jamaa zake anapenda kula wapi na akiwa na nani. Walezi wapya walidhani ni swali la kijinga. Sikuwahi kuwaeleza lilikotoka, na hilo pia linanisuta.

Sasa nimestaafu, ninakaa kwa binti yangu Hadija, Nyamirambo. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka. Sinia likiwekwa, wali unamwagika kabla haujafika mdomoni, na wajukuu wanainamisha macho kwa adabu. Adabu yao inaniumiza kuliko kama wangecheka. Chai ninakunywa nao, kwa mikono miwili. Chakula ninasema nimeshiba.

Dawa yake ninaijua. Ni kumwambia mwanangu: niwekee sahani chumbani, ufunge mlango. Kila siku ninajiandaa kusema, na kila siku ninashindwa.

Juzi nilimsikia jikoni akiongea na kaka yake kwa simu.

"Mama hajambo," alisema, "ila siku hizi anakataa kula."