Wifi na Uzi wa Ziada

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafuma matandiko kwenye karakana ninamopindia pindo. Namba anayoiheshimu duniani ni moja tu: elfu mbili mia tano na ishirini. Ndizo nyuzi anazotanda kwenye mtambo wake kabla ya kufuma lolote. Ukitaka maua ya nyuzi sita sita, yanaenea. Saba, nane, tisa, hata kumi, yanaenea na haubaki uzi. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa zote kuanzia moja hadi kumi. Aliipata mwenyewe akiwa msichana, kwa kujaribu na kukosea, na anaisifia kuliko alivyowahi kumsifia mume.

Tatizo ni macho. Mwezi uliopita aliharibu tandiko, msimamizi akamwambia, "Mama, ukikosea hesabu tena, nakuhamishia kwenye kukunja." Kukunja! Mfumaji wa miaka yote hiyo akakunje kazi za wenzake? Siku hiyo hakula.

Juzi kaja mteja anataka maua ya nyuzi saba. Wifi akatanda, akaanza kufunga mafungu ya saba saba. Mwishoni ukabaki uzi mmoja pembeni.

"Saba ina mkosi," akasema. "Nitambembeleza mteja achukue ya nane."

Akafungua yote, akafunga nane nane. Ukabaki mmoja. Akanuna, akafunga tisa tisa. Mmoja.

"Wifi," nikamwambia, "saba mmoja, nane mmoja, tisa mmoja. Maua yote yamekula njama?"

"Wewe pindia pindo zako!"

"Napindia. Lakini namba yako haibakishi kitu. Hapo umetanda mmoja zaidi."

Akafumba macho, akapitisha vidole kwenye chanuo la mtambo, jino kwa jino, mpaka akafika penye nyuzi mbili katika nafasi ya mmoja. Akauchomoa wa ziada. (Jioni binti yangu aliijaribu ile namba yenye nyongeza kwa kalamu: namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wifi angefunga mafungu mpaka kiama.)

Kugeuka, msimamizi yuko mlangoni.

"Nilikosea kuhesabu," Wifi akasema kabla hajaulizwa. "Nimeukamata kabla sijafuma."

"Umeuona?"

"Niuone kwa macho gani? Nimeupapasa."

Msimamizi akaguna. "Basi fuma, mama. Lakini kuhesabu, hapana. Atahesabu huyu." Akaninyooshea kidole mimi.

Wifi aliniangalia kama bibi harusi aliyeozwa kwa nguvu, kisha akanisogezea kigoda.

Sasa asubuhi nahesabu mimi, naye nyuma yangu anahesabu kimoyomoyo. Tukipishana tunaanza upya, na pindo zangu zinalala.