Habari Iliyorudi Oldonyo Sambu

Saa moja na nusu asubuhi, Vaileth Akyoo anafungua dirisha la ofisi ya chumba kimoja huko Akheri, anapangusa vumbi la mahindi mezani na kuwasha kompyuta. Nyuma ya ukuta ni ghala la chakula cha msaada, na vumbi lake halijawahi kuheshimu mlango.

Nje, Mlima Meru umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Wanawake wanashuka na mikungu ya ndizi kuelekea soko la Tengeru. Vaileth hawaangalii. Anasoma taarifa za wenzake: mto umefurika Malawi, nzige wameonekana kaskazini mwa Kenya, zahanati imeezuliwa paa kusini mwa Tanzania.

"Hawa ni majirani zangu," anasema. "Wengi sijawahi kuwaona sura, lakini najua nani anauguliwa na nani kapata mjukuu."

Vaileth, mwenye umri wa miaka 59, ni karani wa Jumuiya ya Faraja, shirika dogo lililoanzishwa na wakulima wa kahawa na ndizi wa miteremko hii kusaidia watu waliopatwa na maafa. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye mwandishi wake katika Mtandao wa Habari za Misaada. Huo ni ukumbi wa intaneti ambako mashirika ya misaada, makubwa kwa madogo, hujiunga kama wanachama. Kila mwanachama huandika yaliyotokea kwake. Wengine husoma, na mwenye uwezo hunyoosha mkono.

Mwaka huu wanachama waliandikiwa kwamba ukurasa wa zamani utafungwa Desemba. Ukurasa mpya utakuwa wa video fupi. Habari zote za nyuma zitafutwa, na kila mwanachama anayezitaka za kwake azichukue mapema.

Vaileth aliposoma tangazo hilo alitoka nje, akakaa kwenye ngazi.

"Sikulia," anasema. "Nilimkumbuka tu Mzee Solomoni."

Mzee Solomoni Nnko, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeanzisha Jumuiya ya Faraja. Alifariki miaka kadhaa iliyopita. Ndiye aliyesikia habari za mtandao huo kwenye mkutano mjini Arusha mwaka 2003, akarudi Akheri akiwa na wazo ambalo kamati nzima ililiona la ajabu. Ofisi haikuwa na umeme, achilia mbali kompyuta.

"Aliwaambia, 'Vaileth anajua kupiga taipu. Kilichobaki ni nauli ya kwenda mjini.'"

Basi wakawa wanakwenda kwenye chumba cha intaneti karibu na mnara wa saa. Vaileth anakumbuka kwamba walivaa kama wanaokwenda kanisani, yeye kitenge chake kizuri, mzee koti lake la kijivu. Ukurasa mmoja ulichukua muda mrefu kufunguka hata mtu angeweza kutoka, akanywa chai, akarudi na kuukuta bado unajikokota.

"Nilipiga taipu, yeye amesimama nyuma yangu kofia mkononi. Kiti kilikuwepo. Alikataa kukaa."

Uanachama haukutolewa ovyo. Shirika lilitakiwa kuthibitisha kwamba kweli linafanya kazi, na lionyeshe linaweza kuandika habari za kuaminika. Siku jibu la kukubaliwa lilipofika, Mzee Solomoni aliwanunulia soda watu wote waliokuwa mle chumbani, hata wasiomjua.

"Tulirudi nyumbani pamoja," anasema Vaileth. "Tulipofika Tengeru akasema, 'Sasa tukiungua, kuna mtu atasikia harufu ya moshi.'"

Kati ya habari zote alizoandika, iko moja ambayo Vaileth huisimulia polepole. Ni ya ukame wa mwaka 2009.

Jumuiya ilikuwa imepeleka mahindi Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwa wafugaji. Huko ndiko alikokutana na Nasieku Lemburis, mjane aliyekuwa amebaki na boma tupu. Vaileth alitoa kalamu.

"Utaandika nini juu yangu?" Nasieku alimuuliza.

"Kwamba ng'ombe wako wamekufa, yeyo." Yeyo ndivyo wafugaji wa huku wanavyomwita mama.

"Usianzie hapo. Mimi sikuanza kuishi siku waliyokufa. Anza walipokuwa hai."

Akawataja. Naibor, mweupe, aliyekuwa akipenda kulala mlangoni. Narok, mweusi, mkali kwa wageni. Na Mugie, wa kahawia, aliyeitambua sauti ya marehemu mume wa Nasieku, na ambaye baada ya mazishi alikuwa akimfuata Nasieku kila alikokwenda, hata kuteka maji.

Vaileth aliiandika hivyo hivyo, kwa Kiingereza alichofunzwa na Mzee Solomoni. Wahariri wa mtandao wakairudisha. Walitaka ianze na mizoga, na majina ya ng'ombe yatolewe, kwa kuwa wasomaji wana haraka.

"Mimi nilitaka kukata," anasema. "Watu walikuwa na kiu. Nani apiganie jina la ng'ombe?"

Mzee Solomoni alivaa miwani yake, akaisoma habari upya pale pale kwenye chumba cha intaneti.

"Tukikata, hii itakuwa habari ya mizoga," alisema. "Na mizoga iko kila mahali. Huyu mama ni mmoja."

Wakajibu kwa sentensi moja: wanaomba iachwe ilivyo. Wakafunga kompyuta, wakarudi Akheri bila kujua kama bado ni wanachama au wamejiharibia wenyewe.

Vaileth anasema siku zile alikula bila kusikia ladha. Kila alipochota maji bombani alifikiria wanawake wa Oldonyo Sambu na madumu yao matupu, akijiuliza kama wamewanyima watu maji kwa ajili ya ukaidi wa mzee mmoja.

Waliporudi mjini, habari ilikuwa imetoka bila kuguswa. Chini yake palikuwa na ujumbe kutoka chama kidogo cha wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, nao wanachama. Hawakuwa na fedha, ila walikuwa wameipeleka habari hiyo kwa shirika kubwa wanaloshirikiana nalo, wakaling'ang'ania mpaka likakubali kusaidia. Baada ya muda, maboza ya maji yakaanza kuingia Oldonyo Sambu, yakaendelea mpaka mvua ilipokuja.

"Lakini sentensi yao ya kwanza haikuwa ya maji," Vaileth anasema. "Waliuliza, 'Hata Mugie hakupona?' Ikabidi niwajibu kwamba hakupona."

Mwaka huu, akiwa anazihifadhi habari hizo kabla hazijafutwa, jambo moja lilimjia ghafla. Nasieku hakuwahi kuisikia habari yake. Iliandikwa kwa lugha asiyoijua na kusomwa na watu wa mbali.

Akaitafsiri kwa Kiswahili, na Agosti akafunga safari. Alimkuta Nasieku, ambaye sasa amevuka miaka sabini, ameketi nje akimenya viazi.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, Mama Nelson," Nasieku akajibu, akimwita kwa jina la mwanawe. " Na wewe umezeeka."

Vaileth akamsomea. Nasieku alisikiliza macho yakiwa chini, kisu kimetulia mkononi. Aliposikia jina la Mugie aliinua mkono.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Kwa hiyo huko walimjua Mugie?"

"Walimjua, yeyo. Waliniuliza kama amepona."

Nasieku akajifuta uso kwa ncha ya shuka. Kisha akamwita mkwewe, akamweleza kwa Kimaa, lugha yao, kwa urefu, akionyesha kwa kidole upande ambako zizi la zamani lilikuwa. Mkwewe akaenda kuchemsha maziwa.

"Wajukuu wangu hawakuamini kwamba tulikuwa na ng'ombe wengi," alimwambia mwandishi wa makala haya tulipomtembelea baadaye. "Sasa wanawataja kwa majina."

Desemba Vaileth atastaafu. Uanachama wa Jumuiya ya Faraja utaendelea chini ya kijana anayeitwa Mika, ambaye video anaziweza. Vaileth hana kinyongo na video. Ameshamwonyesha Mika namna ya kumuuliza mtu kama yuko tayari kupigwa picha, na namna ya kurudi bila picha akikataa.

Yeye ana kazi yake. Anatafsiri habari zote za zamani, moja moja, ili akamsomee kila aliyeandikwa, au watoto wake kama mwenyewe hayupo tena. Inayofuata ni ya Thomasi, muuza ndizi ambaye kibanda chake kilisombwa na mafuriko katika kata ya Maji ya Chai. Vaileth amesikia kwamba alihama.

"Nitaanzia Maji ya Chai," anasema. "Nikimkosa, wanasema ana dada Sokon One, mjini Arusha. Habari yake ni fupi, haijai hata ukurasa. Lakini ni yake, na hajaisikia."