Mistari Aliyoiruka Ami Haruna

Ninyi mliochonga penseli kwa wembe na kwenda shule na jembe begani, mtanielewa upesi. Hawa wajukuu zetu, ambao simu ikiishiwa chaji huomboleza kama wamefiwa, itabidi niwaeleze polepole.

Nilikuwa na miaka kumi, nikikaa na bibi yangu mzaa baba, Bi Tatu, katika nyumba ya mawe pale mji mkongwe wa Bagamoyo. Wazazi wangu walikuwa Kiwangwa, wamejiunga na kijiji cha ujamaa, wakilima mananasi na mihogo ya wote. Miaka ile ya sabini tuliamini, jamani! Tuliambiwa kwamba karibuni hapatakuwa na bwana wala mtwana, na kila mtu mzima atajua kusoma na kuandika, nasi tukalipokea hilo kama mtu anavyoambiwa kwamba kesho kutakucha. Asubuhi tulikaguliwa kucha, tukaimba, tukaingia shamba la shule kabla ya hesabu. Daftari zetu zilinuka udongo na maganda ya korosho. Nyumbani bibi aliniwekea mihogo ya nazi chini ya kawa, na nikichelewa kuosha mikono alisema, "Hiyo mikono ni ya kulia chakula au ya kuzibia mashimo ya panya?"

Siku moja nilirudi shule adhuhuri nikakuta nyumba yetu haina mlango.

Sikutunga. Mlango ule wa nakshi, wenye misumari ya shaba, uliowekwa na babu wa babu yangu, haukuwapo. Limebaki tundu, na ndani yake niliona kasha la bibi, kitanda cha bibi, hata sufuria la bibi lenye masizi. Nikapiga ukunga, "Tumeibiwa! Jamani, tumeibiwa!" Majirani wakatoka mbio, mmoja na mwiko mkononi.

Bibi alikuwa uani akikuna nazi. Hakuinuka.

"Nani kaibiwa?" akauliza. "Mlango umekwenda shule. Na wewe nenda kaniletee maji."

Kumbe darasa la watu wazima, lililokuwa kwenye banda la makuti mtaa wa Dunda, halikuwa na ubao. Ulikuwa umeahidiwa tangu mwezi wa Ramadhani, na Mwalimu Anjelina, msichana aliyetoka bara kuja kufundisha, alikuwa akiandika kwa kijiti mchangani. Upepo ukivuma, herufi zinakwenda. Bibi, aliyekuwa amejiandikisha, alivumilia wiki mbili, ya tatu akamwita seremala. Mbao zote mbili za mlango zikang'olewa, vipande vya kukazia vikabanduliwa kwa nyuma, na sisi wanafunzi tukatumwa kusaga mkaa wa betri kuukuu za redio, tukauchanganya na majani ya matembele na kuupaka upande ule wa ndani hadi ukawa mweusi tii. Nyumbani tukatundika jamvi.

Ami Haruna, mdogo wake baba, aliyefanya kazi Dar es Salaam, aliposikia alikuja na basi la kwanza. Alisimama mbele ya lile jamvi, mdomo wazi.

"Mama, una wazimu? Kuna mtu mjini anautaka mlango ule! Unajua thamani yake?"

"Naijua," bibi akasema. "Tangu nimeolewa nimeufungua na kuufunga, na haujanifundisha kitu. Sasa unanifundisha."

"Unataka kusoma nini kwa umri huo? Barua zote si nakusomea mimi?"

Ni kweli, barua zote alisoma ami. Bibi alihitimu madrasa, Kurani aliisoma vizuri, lakini herufi hizi za shuleni zilimpita. Akienda ofisini kutia sahihi, karani alimwekesha dole gumba kwenye wino, na nilimwona akilifuta kwenye kanga kwa hasira.

Basi akaendelea na masomo. Kila baada ya sala ya alasiri alikwenda Dunda na daftari kwapani, akaketi mkeka mmoja na muuza vitumbua, mchukuzi wa forodhani na mke wa kadhi mstaafu, wote wakiimba ba-be-bi-bo-bu. Mwalimu Anjelina, aliyekuwa na umri wa mjukuu, aliwaamkia shikamoo mlangoni, kisha wakiketi akawakemea wakinong'ona. Nami nikimwona bibi yangu ananyoosha kidole kama mimi, nilijua ule ulimwengu tulioahidiwa umeshafika, umevua viatu na kuingia.

Baada ya miezi kadhaa akataka kujizoeza nyumbani. Akafungua kasha, akatoa barua ya mwisho ya mdogo wake, Mwanaidi, aliyeishi Pangani. Bi Mwanaidi alikuwa amekwishafariki, mwaka mmoja hivi nyuma, ghafla, kama tulivyoamini. Barua aliandikiwa na jirani yake, na ami Haruna ndiye aliyemsomea bibi: salamu, watoto hawajambo, mvua zimenyesha.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Bibi alisoma kwa silabi, kidole kikitembea.

"Da-da... ya-ngu... na-u-mwa. Si-o-ni... ku-po-na. N-jo-o... ni-ku-o-ne... u-so."

Alikuwa akipambana na herufi, maana yake hajaikamata. Mimi niliikamata. Ungo ukanitoka mkononi, mchele ukamwagika sakafu nzima. Bibi akaniangalia usoni, kisha akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena, safari hii bila kukata.

"Dada yangu, naumwa. Sioni kupona. Njoo nikuone uso."

Hakulia. Alikaa na barua mapajani mpaka adhana ya magharibi ikapita, na mimi nikaokota mchele punje moja moja.

Ijumaa ami Haruna akaja. Bibi akamngoja ale, anawe, kisha akampa barua.

"Nisomee tena. Nimemkumbuka mwenzangu."

Ami akasafisha koo. Akasoma salamu, watoto, mvua. Akaikunja.

"Umeruka," bibi akasema.

"Nimeruka nini, mama?"

"Mstari wa nne, wa tano na wa sita."

Sijapata kuona mtu akibadilika rangi vile. Ami, na suti yake ya kaunda na kalamu mfukoni, alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni.

"Ilikuwa wiki ya harusi yangu," akasema. "Ungekwenda Pangani, harusi ingeahirishwa. Nilidhani atapona. Wallahi, mama, nilidhani atapona."

"Wewe ulisoma, Haruna," bibi akasema. "Nilikupeleka shule usome."

Jumatatu yake alifunga kanga zake akaondoka kwenda kuwaona watoto wa marehemu. Ami aliomba amsindikize, akakataa. Alipanda lori hadi Msata, akashuka, akasimama njia panda pale na kusoma mwenyewe majina yaliyoandikwa kwenye mabasi mpaka akalipata la Tanga, njia ya kwenda Pangani. Aliporudi alimwita ami, wakala sahani moja, lakini bibi hakumpa tena barua yoyote amsomee, mpaka bibi mwenyewe alipokufa.

Siku moja nilimuuliza bibi kama hakujuta kujifunza. Akasema, "Nililia zaidi ya nilivyowahi kulia. Lakini nilimlilia yeye, si uongo niliosomewa."

Kile kijiji cha wazazi wangu kilivunjika, kila mtu akarudi kwenye shamba lake. Ulimwengu ule haukuja wote. Leo wajukuu zangu wanasoma kutwa, vidole vinateleza juu ya kioo, habari za watu wasiowajua. Majuzi mama yao alinung'unika kwamba amewaandikia ujumbe mrefu na hakuna aliyefika mwisho. Nikawauliza kwa nini. "Bibi," mmoja akanijibu, macho hayajainuka, "tuliona ni mrefu, tukaruka."

Nikakaa pale pale sakafuni, kama ami Haruna siku ile.